Mama Ubao na Mguu Uliodhaniwa Kosa la Kamera

Mpendwa wetu, ambaye kazini na mtaani mlimwita Mama Ubao, alizaliwa tarehe 9 Machi 1979 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli. Baba yake alikuwa fundi saa, mama yake mkunga. Mama, aliyekaa hapa mbele, husema mtoto huyu hakuweza kula huku picha ya ukutani imekaa upande. Alipanda kiti, akainyoosha, akashuka, ndipo akashika kijiko.

Alisoma shule ya msingi jirani na karakana za reli, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 2001 alihitimu upimaji wa ardhi katika chuo cha ufundi.

Mwaka 2004 aliolewa na fundi cherehani, ambaye alimpima gauni moja mara tatu kwa kisingizio kwamba tepu imevutika.

“Tepu yako nzima,” alimwambia. “Sema shida yako.”

Akaisema. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2012 aliajiriwa na kampuni inayowauzia hospitali mitambo ya kupima mwendo wa wagonjwa. Mgonjwa habandikwi kitu mwilini. Anapita tu ukumbini, kamera zinamtazama kutoka pande zote, na kompyuta inachora mifupa yake ikitembea. Lakini kila kamera lazima ijue imekaa wapi na nyingine zimekaa wapi. Isipojua, mtu mwenye miguu mizima hutoka kwenye skrini na goti lisilo lake. Kuzipatanisha kamera ndiyo ilikuwa kazi yake. Alizunguka ukumbi na ubao wa miraba myeusi na myeupe, akiuinamisha huku na kule mpaka kila kamera iuone vizuri, na hapo ndipo alipopata jina. Akimaliza, ole wake atakayegusa stendi ya kamera. “Ukiigusa umenichokoza,” alisema, na hata mkurugenzi alipita kwa kujibana.

Ilikuwa desturi yao kwamba baada ya ubao, yeye mwenyewe apite ukumbini kwa majaribio. Mwendo wake waliuzoea. Ukitoka sawa kwenye skrini, kamera ziko sawa. Kwa miaka mingi mwendo wa Mama Ubao ndio uliokuwa kipimo cha kampuni ile.

Mwanzoni mwa 2021, mifupa yake kwenye skrini ilianza kuburuta mguu wa kushoto.

“Kamera zako zimesogea,” msimamizi alimwambia.

“Bosi, kwa ubao zinapima sawasawa.”

“Mguu unakuuma?”

“Hauumi.”

“Basi ni kamera. Rudia.”

Akarudia. Alirudia wiki nzima, akabadilisha stendi, akalaumu sakafu, akajilaumu mwenyewe. Nyumbani mumewe alishika kiatu chake kilichokwanguka ncha. “Mama watoto, hiki unakikokota wapi?” Akajibu kwamba zulia la ukumbini ni baya. Ukumbi ule hauna zulia.

Hatimaye msimamizi akamwita dada wa mapokezi apite yeye. Mifupa ikatoka imenyooka. Watu wakapiga makofi. “Tumepata dawa!” akasema msimamizi, na Mama Ubao naye akapiga makofi, kwa kuwa kamera zake zimepona. Tangu siku hiyo alibeba ubao tu. Kupita akapita mwingine. Katika jengo zima la watu wanaoishi kwa kutazama miguu, hakuna aliyeutazama mguu wake.

Mwezi wa Novemba mwaka uleule alianguka mlangoni kwake. Hospitali aliyopelekwa ilikuwa na mtambo wa kampuni yao, na kamera zake alizipatanisha yeye. Wakampitisha, mumewe akimshika kiwiko. Skrini ikachora mguu uleule. Mume anasema mkewe aliitazama kwa muda, kisha akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo linalomnyima raha mpaka leo.

“Kumbe kamera nilizipatanisha sawa,” alisema.

Ulikuwa uvimbe kwenye uti wa mgongo. Daktari aliuliza mwendo ulibadilika lini. Alipojibiwa, aliweka kalamu chini. Angeletwa wakati ule, alisema, ungetolewa.

Aliugulia nyumbani, akiuguzwa na mumewe na mabinti, akiwaagiza wanyooshe pazia. Alifariki tarehe 17 Juni 2022, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake.

Kampuni imetuma shada, na salamu kwamba alikuwa mtu makini asiyekosea. Shada tumelipokea.

Ameacha mume, mabinti wawili, mama mzazi, kaka wawili, na dada wa mapokezi, ambaye kutoka kampuni amekuja peke yake na tunamhesabu kuwa wetu.

Apumzike kwa amani, na asiambiwe tena na mtu yeyote, “Rudia.”