Urbanus Mutiso Kilonzo na Kijiko Alichokingoja Kioze

Tunayemsindikiza leo, Urbanus Mutiso Kilonzo, alizaliwa tarehe 9 Mei 1951 huko Kangundo, Machakos, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kilonzo Muli na marehemu Mama Rozina Ndunge.

Alisoma shule ya misheni ya hapo hapo Kangundo, ambako mapadre walimfundisha kuandika tarehe juu ya kila ukurasa, na kutotia sahihi jambo asiloliona kwa macho yake. La kwanza alilishika maisha yake yote. La pili alilivunja mara moja, na wasifu huu hauwezi kulipita kimya, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulipita. Mwaka 1975 alihitimu shahada ya kemia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akafundisha sekondari miaka kumi na mitano.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na Nyanchama, muuguzi kutoka Kisii. Walijaliwa binti mmoja, Mwende.

Walihamia Toronto Agosti 1991, wakakaa Rexdale. Kwa miaka kumi na miwili shahada ilikaa sandukuni, naye akapakia mizigo katika maghala ya karibu na uwanja wa ndege. Mwaka 2003 ndipo alipopata kazi katika maabara ndogo iliyochunguza kemikali za mmea wa bangi. Waumini wenzake waliposikia, walitabasamu kwa upande. Alichoka kueleza kwamba kemikali aliyoishughulikia hailevyi, na kwamba kila gramu ilingoja kibali kwa miezi.

Mwaka 2009 maabara ilitengeneza plastiki kutokana na kemikali hiyo, ikapata vijiko kumi na viwili. Meneja alimtaka Urbanus aandike kwamba kijiko kikifukiwa ardhini huoza ndani ya mwaka mmoja. Kipimo kilikuwa kimefanywa ndani ya kabati la joto lenye mboji, kwa miezi minne tu.

"Kabati si shamba," Urbanus alisema.

"Ripoti inatoka Ijumaa," akajibiwa.

Akatia sahihi.

Jumamosi yake alikifukia kijiko kimoja katika kipande chao cha bustani ya pamoja, nyuma ya jengo lao la Barabara ya Kipling. Aprili iliyofuata, theluji ilipoyeyuka, alikifukua. Kilikuwa kizima. Akakifukia tena, na hivyo ndivyo alivyofanya kila Aprili.

"Baba Mwende," mkewe alimwambia mwaka mmoja, "wenzako wanavuna sukuma wiki, wewe unavuna kijiko."

"Kimepungua kung'aa."

"Hata mimi nimepungua kung'aa, na sijaoza."

Aliandika barua tatu akiomba sentensi yake isahihishwe. Ya kwanza ilijibiwa kwamba kitengo cha plastiki kimefungwa. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu ilirudi bila kufunguliwa, maabara ikiwa imehama. Wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu, baada ya kumaliza miaka yake ya mwisho kazini, hadi 2014, akipima ni kemikali ipi ya mmea ule ingeweza kutuliza maumivu.

Februari 2016 aligunduliwa kuwa na saratani ya mifupa. "Nimepima kemikali mia nne na kumi," alimwambia daktari, "na hakuna hata moja iliyotoka maabara kuja kunisalimia." Daktari alimwongezea mofini.

Aprili ya mwaka huu hakuweza tena kuinama. Nyanchama alikwenda bustanini peke yake, akakiosha kijiko, akamletea kitandani.

"Kizima?"

"Kizima, Baba Mwende."

Aligeukia ukutani, na siku ile hakula.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Oktoba 2017, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Ameacha mjane, Nyanchama. Binti yake Mwende na mkwewe. Wajukuu wawili, Kioko na Moraa. Dada yake Tabitha, aliyeko Kangundo. Na binamu yake anayewasomea maneno haya.

Kwa ombi la mjane, kijiko kimewekwa mkononi mwa marehemu. Mwende aliuliza, kwa Kiingereza, kama jambo hilo linafaa. Mama yake alimjibu kwa Kiswahili: "Mwache akichunge mwenyewe. Mimi magoti yameniisha."

Mungu amtulize Urbanus, na sentensi yake, ijapokuwa imechelewa, iwe kweli.