Msahihishaji wa Chini ya Meza

Kijiwe chenyewe ni benchi refu lililoegemea ukuta wa kiwanda cha uchapaji, pale mama muuza kahawa anapoteleka birika lake kila asubuhi. Siku hiyo Rula alifika saa nne, wakati wa mapumziko, uso umemshuka. Rula ni msimamizi wa chumba cha usahihishaji. Jina alilipata kwa kupenda mistari iliyonyooka. Meneja alikuwa amempa fomu ya kujaza kabla ya saa nane: dada msahihishaji mpya abaki au aondoke?

— Kwani kafanya nini? aliuliza Wembe, kinyozi wa jirani.

— Anafanyia kazi chini ya meza.

— Chini ya meza, au chini ya kiwango?

— Meza, ndugu yangu. Kaingia na karatasi zake, kalamu na mto. Wiki ya tatu hii.

— Na kazi yenyewe?

Rula alishusha pumzi. Hapo ndipo palipomuuma. Juzi, kwenye boksi la dawa ya kikohozi ya watoto, watu wanne walipitisha "vijiko vinane" badala ya "kijiko kimoja", yeye akiwa wa kwanza kutia saini. Aliyeliona kosa ni dada, huko huko chini.

— Basi ingieni wote chini ya meza, alisema Wembe. Asijione yuko peke yake.

— Na meneja akija?

— Atainama. Kwani kiuno hana?

Mama Kahawa alitikisa kichwa huku akimimina.

— Mnamtesa mwenzenu bure. Inueni meza. Ikipanda futi nne, atasimama humo humo chini, na hakuna atakayejua.

— Sisi wengine tutaandikia wapi, mama?

— Kwenye ngazi, mwanangu.

Mzee Itifaki, karani mstaafu, alikohoa kwanza, maana hasemi bila kukohoa.

— Shida yenu ni cheo. Mtu akikaa chini bila cheo, hivyo ni vituko. Akiwa na cheo, hiyo ni idara. Mpeni kibao: Mkuu wa Idara ya Chini. Anayetaka kumwona ajaze fomu, apige magoti.

— Magoti kabla ya fomu au baada?

— Wakati wa kujaza.

Rula, Mungu amsamehe, alishaanza kuandika "Idara ya" kwenye fomu ya meneja, dada mwenyewe akatokea, vizibo masikioni. Hakusalimu, si mtu wa salamu. Alikitazama kifungo cha shati la Rula.

— Kaka, swichi ya taa iliyo juu ya meza yangu iko wapi?

Rula aligeuka kuutazama mlango wa kiwanda. Miaka kumi na mmoja mle ndani, hajui.

— Ya nini?

— Taa inalia. Chini ya meza inalia kidogo.

— Tangu lini?

— Tangu siku niliyoanza.

— Sasa mbona hukusema, dada yangu?

— Nilidhani nyote mnaisikia, mmeamua kuvumilia.

Rula alifuta "Idara ya", akaandika "Abaki", akaacha kahawa yake na kumfuata ndani. Walihamisha makabati mawili, wakaikuta swichi nyuma ya la pili, imejaa vumbi. Rula aliibonyeza. Dada alikuwa tayari anautoa mto wake, na chumba kizima kikainua vichwa, kila mtu akimuuliza mwenzake ni kitu gani kimenyamaza.