Mama Nabalayo, Aliyeificha Miguu ya Mumewe

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, jikoni, dukani, au kwenye msongamano wa magari unaokataa kusogea. Mimi ni Fadhul. Leo namkumbuka mwanamke mmoja aliyeitwa Nabalayo. Wengi wenu hamkumjua kwa jina. Mlinunua mandazi yake tu, nje ya lango la kambi ya polisi pale Nsambya, mkala, mkaenda zenu.

Mama Nabalayo alifariki wiki iliyopita, hapa hapa Kampala, nyumbani kwa binti yake Bugolobi. Alifariki akiwa mzee, kitandani, na mumewe amemshika mkono. Nawaambia mapema ili msinisikilize kwa wasiwasi. Habari ya leo ina hofu ndani yake, lakini inaishia kwenye kile kitanda na ule mkono.

Nabalayo alikuwa Mbukusu, mzaliwa wa upande wa Kenya, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Alikuja Kampala akiwa msichana, akakaa na mjomba wake Khisa. Huyu Khisa alikuwa gadi wa treni za mizigo, na shirika lilimpa nyumba kwenye makazi ya reli, Nsambya. Asubuhi Nabalayo alikaanga mandazi. Wateja wake walikuwa polisi. Mmoja wao alikuwa kijana mrefu kutoka Kitgum, kule kaskazini, jina lake Komakech, ambaye alinunua hata siku mandazi yalipoungua.

Nilimuuliza Mzee Komakech kama hilo ni kweli. Akanijibu bila kucheka, "Fadhul, ile mandazi ilikuwa mbaya kabisa. Lakini mimi sikuwa nakuja sababu ya mandazi."

Wakaoana. Wakapata binti, Anena. Wakapewa chumba ndani ya kambi.

Sasa shikeni jambo hili moja, maana hadithi yote inalitegemea. Komakech alikuwa polisi wa gwaride. Alisimama mbele kabisa, upande wa kulia, wenzake wote wakijipanga kwa kumtazama yeye. Ukisema "Mguu sawa!", visigino vyake vinagongana na kifua kinatoka kabla yeye mwenyewe hajajua. Ukisema "Mguu pande", ndipo analegea. Nabalayo alimfanyia utani kwa hilo. Mume akisinzia kitini baada ya chakula, mke anapiga kelele kutoka jikoni, "Mguu sawa!" Komakech anasimama wima, macho bado yamefumbwa. Majirani walicheka hadi machozi. Na Anena mdogo akajifunza kucheka kila baba yake aliposhtuka.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na saba.

Wasikilizaji wapendwa, wenye umri wangu mnaujua mwaka ule, na vijana mmesimuliwa. Wanajeshi ndio waliotawala. Polisi na askari wa kutoka kaskazini walianza kuitwa majina asubuhi, kwenye gwaride. Ukiitwa, unatoka mstarini. Kuna gari linasubiri. Huonekani tena.

Siku moja Nabalayo alikuwa kwenye uzio na karai lake la mandazi. Akasikia jina la Oloya, rafiki mkubwa wa mumewe. Oloya alipiga hatua mbele. Akapiga saluti nzuri sana. Akageuka, akatembea mwenyewe hadi kwenye gari. Hakuna aliyemshika hata mkono.

Anena, ambaye sasa ni mwalimu, ananisimulia alivyoambiwa na mama yake. "Mama alisema, siku hiyo bunduki hakuiogopa sana. Aliogopa miguu ya baba. Alijua wakimwita, miguu itaenda. Kichwa kitabaki nyuma kinalia, miguu itaenda."

Jioni hiyo Nabalayo akamwambia mumewe, "Baba Anena, tunaondoka." Komakech akasema hana ruhusa ya kutoka kambini. Hebu fikirini! Mtu anasubiri kuuawa na bado anataka ruhusa. Mama Nabalayo akamtazama. "Ruhusa nimekupa mimi. Vaa shati."

Akavaa shati. Buti alitakiwa kuziacha, kwa sababu buti za polisi zinajulikana hata na mbuzi. Aliziacha chini ya kitanda. Lakini kwanza alizipiga rangi zikang'aa.

Mjomba Khisa aliwapandisha kwenye behewa lake la gadi, mkiani mwa treni, wakasafiri hadi karibu na Mlima Elgon. Kabla ya kuwaaga aliwapa onyo. Alisema, "Kule njiani askari hawaulizi kitambulisho siku hizi. Watu wanatengeneza vya uongo. Askari anakaa kimya, anakuacha upite, halafu anapiga kelele nyuma yako, mguu sawa! Ukishtuka kama raia, unaenda. Ukigonga visigino, basi."

Nabalayo akageuka akamtazama mumewe. Komakech akatazama chini, kwenye vidole vyake vya miguu.

Kutoka pale kulikuwa na njia mbili za kufika Kenya. Ya kwanza inapita juu, mgongoni mwa kilima. Ni kavu na pana, njia ya wabeba kahawa ya magendo, na askari wameizoea. Ya pili inashuka ndani ya bonde, inafuata mto hadi kwenye maporomoko ambayo nyanya yake Nabalayo aliyaita Nabulo. Ukivuka bwawa lililo chini ya maporomoko, ukapanda mwamba wa ng'ambo, uko Kenya. Njia hiyo watu walikuwa wameiacha. Ilivunja miguu ya ng'ombe.

Nabalayo alipanga kwenda na njia ya juu. Mtoto mgongoni, mume hajazoea kwenda pekupeku, nani achague bonde? Alichotaka ni muda kidogo wa kumfundisha Komakech kusahau. Wakatembea kwenye vichaka vya chini, na kila mume alipojisahau, mke akapiga kelele nyuma yake. "Mguu sawa!" Pa! Visigino. "Tena, Baba Anena. Legea. Wewe mkulima." Wakaendelea. "Mguu sawa!" Pa! Mara moja alikuwa katikati ya gogo wanalovukia kijito. Akasimama wima juu ya gogo, mikono ubavuni, akaanguka hivyo hivyo kama nguzo, ndani ya majani ya kuwasha.

Mzee Komakech ananiambia, "Mimi nilikuwa nasema kwa roho yangu, saa hii sitafuata. Lakini mguu yangu haikuwa inasikia mimi. Ilikuwa inasikia afande."

Nabalayo alicheka alipomwona kwenye yale majani. Halafu akakaa chini akalia, mtoto mgongoni. Alikuwa ameelewa kwamba mumewe hawezi kusahau. Kazi ya miaka haiondoki kwa asubuhi moja. Akafuta uso, akasimama, akasema, "Kama miguu yako haiwezi kusahau, basi tutaificha." Na akageuza njia. Wakashuka bondeni.

Wasikilizaji wapendwa, mimi kupanda tu kilima cha Old Kampala siku ya Ijumaa nafika msikitini nikihema, kwa hiyo sitajifanya najua bonde lile. Nawapa nilivyopewa. Mvua ilikuwa imenyesha. Mteremko ulikuwa udongo mwekundu unaoteleza, na walishuka kwa kukaa, wakishika mizizi. Chini kulikuwa na mianzi imeanguka ovyo ovyo, unapita chini ya mmoja, unaruka mwingine. Mto walitembea ndani yake, kwa sababu kingo hazikuwa na nafasi ya kukanyaga. Nyayo za Komakech, zilizolelewa ndani ya soksi na buti, zilipasuka. Nabalayo alirarua khanga akamfunga. Walikula mandazi waliyobeba, yamelowa. Mbega waliwafuata juu ya miti muda mrefu, wakiwachungulia. Anena alikuwa akiwapungia mkono.

"Baba anasema ile ilikuwa siku nzuri," Anena ananiambia. "Mimi naona kama ni wazimu, lakini anasema hivyo. Anasema kule bondeni hakuna mtu alikuwa anaita jina lake."

Kisha wakasikia maporomoko, na baadaye wakayaona. Maji yanashuka kutoka juu sana, meupe, upepo wake unakulowesha ukiwa bado mbali. Mbele yake, bwawa. Ng'ambo ya bwawa, mwamba. Na juu ya jiwe kubwa kando ya bwawa, askari wawili, wamevua mashati, wanafua.

Kurudi nyuma kusingesaidia. Walikuwa wameshaonekana.

Nabalayo hakusimama hata kidogo. Huku wakitembea alimtoa Anena mgongoni, akamkalisha mabegani mwa baba yake. Akamwambia mume, "Shika miguu yake. Kwa mikono yote. Mtoto akianguka humu, nakuacha." Akatangulia kuingia majini. Mume akafuata. Maji yakafika magotini, yakafika mapajani.

Askari mmoja akaita, "Nyinyi! Mnaenda wapi?"

"Kwa nyanya ya mtoto, afande. Huyu mtoto anasumbuliwa na homa."

"Na huyo mwanaume?"

"Bwana yangu, afande. Analima vitunguu."

Askari hakujibu. Akarudi kukamua shati lake. Wakapiga hatua moja, wakapiga nyingine. Maji yakafika kiunoni. Ndipo sauti ikaja nyuma yao, kali, ikapita juu ya kelele za maporomoko.

"Mguu sawa!"

Mzee Komakech alinionyesha kisigino chake cha kushoto. Kuna kovu pale mpaka leo. Chini ya yale maji visigino vyake viligongana kwa nguvu, kati yao kukiwa na jiwe lenye makali, na damu ikatoka. Lakini juu ya maji, askari waliona nini? Waliona mtu aliyelowa, ameshika miguu ya mtoto kwa mikono yote miwili, hawezi kuiachia. Na waliona mtoto anacheka. Anena alihisi baba yake ameshtuka, akafikiri ni ule mchezo wa nyumbani.

Askari alisubiri. Nabalayo naye akageuka, akamtazama askari kama mtu asiyeelewa. Halafu yule mwingine kwenye jiwe akasema, "Wacha watu wa vitunguu. Nisaidie kukamua suruali." Na hivyo ndivyo ilivyokwisha.

Walipanda mwamba, Nabalayo akimvuta mumewe kwa shati. Walipita nyuma ya mawe, askari hawawaoni tena, wako Kenya. Nabalayo akamshusha mtoto. Akatazama, akaona mumewe amesimama wima tena. Visigino pamoja, mikono sasa imeshuka ubavuni, damu inachuruzika. Akamvuta, hakusogea. Ndipo akaweka mkono kifuani pake, akasema polepole, "Mguu pande, Baba Anena. Mguu pande sasa."

Komakech akaketi chini. Akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ya Oloya.

Walikaa kwa nyanya, baadaye wakapanga chumba Bungoma. Utawala ule ulipoanguka walirudi Kampala, na Mama Nabalayo akarudi na karai lake kwenye lango lile lile. Komakech hakurudi polisi. Alilima mboga kwenye bonde la Nsambya. Na kuanzia siku ile ya Nabulo, Mama Nabalayo hakumtania tena kwa "mguu sawa". Hakuitamka kabisa, maisha yake yote. Jirani akiitamka kwa mzaha, ananyimwa mandazi.

Jumamosi tulimzika Kitgum, nyumbani kwa mumewe. Nilikuwepo. Jeneza lilipoanza kushuka, Mzee Komakech aliweka fimbo yake chini. Mzee wa umri ule, mgongo umepinda. Akaunyoosha. Visigino vyake vikagongana. Hakuna aliyetoa amri.

Tuliimba, tukafukia, tukaweka maua. Watu wakaenda kula. Yeye amesimama pale pale. Wajukuu wakamletea kiti, hakukitazama. Jua lilikuwa kali, na miguu yake ikaanza kutetemeka. Mimi, nawaambia ukweli, niliogopa kwamba tutazika wawili.

Anena ndiye aliyekwenda. Yule mtoto wa mabegani, sasa ana mvi. Akaweka mkono kifuani mwa baba yake, akasema, "Mguu pande, Baba. Mama amefika."

Mzee akalegea. Akamwegemea binti yake, wakatembea taratibu hadi kivulini, akaomba maji ya kunywa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wanaonisikiliza natoa pole kwa Mzee Komakech, kwa Mwalimu Anena na wanawe, kwa ukoo wa Khisa kule Bungoma, na kwa familia ya Oloya, ambayo bado haina kaburi la kulilia. Mungu awape nguvu.

Na sisi tuliobaki, tutazamane jioni ya leo. Humu mjini wamo wazee ambao miaka ile ilipita lakini wao bado wamesimama. Ni baba anayeshtuka mlango ukigongwa. Ni shangazi asiyependa kuitwa jina lake kwa sauti kubwa. Tunawacheka, au tunawazoea. Mkae na mmoja wao leo, mmuulize alipita wapi, na mmwambie kwamba anaweza kukaa chini.

Mama Nabalayo, umewavusha. Nasi tumekusikia. Mguu pande, Mama.