Soketi Iliyopata Joto

Benchi lile lina miguu minne, ila mmoja ni matofali mawili yaliyopangwa, na anayekaa upande huo huongea kwa uangalifu. Liko kati ya kibanda cha kinyozi na dirisha la Mama Vifungo, mshonaji. Saa kumi alasiri Mama Birika hufika na kahawa, na kikombe cha kwanza hakijapoa, kesi imeshafunguliwa. Siku hiyo kesi ilikuwa soketi. Si soketi ya kawaida, ni ile ya kisasa yenye matundu ya USB, unachomeka waya moja kwa moja ukutani bila kuhangaika na kichwa cha chaja. Fundi Waya alikuwa ameifunga siku tatu nyuma, kando ya kitanda cha bibi, mama mzazi wa Mama Vifungo. Bibi hasikii bila kifaa chake cha sikio, na kifaa hicho hulala kwenye kijisanduku kinachochajiwa kwa USB. Sasa kilikuwa hakichaji. Fundi Waya mwenyewe ndiye aliyekalia upande wa matofali, na kahawa yake ilikuwa haijaguswa.

— Tatizo ni ukuta, — alianza Mzee Antena, aliyetengeneza redio miaka thelathini mpaka watu walipoacha kuzileta. — Ukuta ule una rangi ya mafuta. Umeme wa USB ni mwembamba. Ukigusa rangi ya mafuta, unateleza.

— Unateleza kwenda wapi, mzee wangu? — aliuliza Mkasi, kinyozi, kiti cha kibanda chake kikiwa kitupu kama kawaida.

— Chini! Kwani waya wa ethi unafikiri unaenda wapi?

— Mimi nasema ni mashine yangu ya kunyolea. Nikiiwasha, inavuta umeme wa mtaa mzima. Bibi wa watu anabakiziwa makombo.

— Uiwashe lini wewe? — Mama Birika alidakia. — Tangu juzi sijaona kichwa hata kimoja kikiingia humo.

Wakacheka. Fundi Waya alicheka nao. Lakini alikuwa anakumbuka kidole chake. Siku ile, kabla ya kufunga, kidole kile kile kilimwambia kwamba waya mmoja unacheza. Soketi za USB zina tumbo nene kwa nyuma, na boksi la ukutani lilikuwa la zamani, lisilo na kina. Ilitakiwa atoe tindo, achimbe, aweke boksi refu. Badala yake alizikunja nyaya, akazisukuma kwa mpini wa bisibisi, akakaza skrubu mpaka zikashika. Alikuwa anachelewa ibada. Jioni ile aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote, na tangu siku hiyo kila akipiga magoti huiona soketi.

— Ninyi hamjui, — alisema Mlinzi, ambaye kwa kulinda geti la ofisi miaka kumi anajihesabu kuwa alifanya kazi ofisini. — USB haipitishi umeme tu. Inapitisha na habari. Kile kifaa kimekaa kwenye sikio la bibi miaka miwili, kimesikia kila kitu cha mtaa huu. Hakichaji kwa sababu kimejaa!

— Kimejaa umbea wako, — alisema Mkasi.

— Si nilikichaji kwa mkwe wangu kikakubali? — Mama Birika aliuliza.

— Huko kilipunguzwa kidogo, — alijibu Mlinzi.

— Sasa mbona hukukirudisha huko? — Mkasi alimuuliza Mama Birika.

— Bibi hataki kitoke tena mkononi mwake. Siku ile hakulala, anasema kitaibiwa.

Mzee Antena alisogeza kofia. Kuzidiwa hakukubali.

— Nisikilizeni. Soketi ile imetengenezwa upande wa pili wa dunia. Kwetu mchana, kwao usiku. Imezoea saa za kwao. Mnaichomeka wakati imelala!

— Bibi huchomeka usiku, mzee.

— Basi achomeke mchana. Kazi imekwisha!

— Fundi, mbona umekaa kama mgeni kwenye kesi yako? — aliuliza Mkasi. — Sema neno.

— Huenda ni kifaa chenyewe, — alisema Fundi Waya.

Maneno hayo hayo ndiyo aliyomwambia Mama Vifungo jana. Mara ya pili yalitoka kwa urahisi zaidi, na hilo ndilo lililomtisha.

Mlango wa pembeni ukafunguka. Mama Vifungo hakuwa mtu wa benchi, husikika tu cherehani yake. Alitoka na futi ya kupimia shingoni, akasimama mbele yao.

— Shikamoo, Mzee Antena.

— Marahaba, mwanangu. Tunakutatulia shida yako hapa.

— Nawasikia. Nimegusa ile soketi sasa hivi, ina joto kama pasi. Mimi sina elimu ya umeme. Nauliza kitu kimoja tu. Leo nimwache mama alale pale?

Mzee Antena alitazama chini, ambako umeme huteleza. Mlinzi alikuna goti. Mama Birika alishika birika bila kumimina.

Fundi Waya akainuka ghafla, benchi likayumba.

— Usimwache, mama. Nenda kazime swichi kubwa sasa hivi, nyumba nzima. Kifaa hakina kosa. Kosa ni langu. Boksi lilikuwa fupi, nikalazimisha. Nilijua, na jana nikakudanganya. Naomba unisamehe.

Mama Vifungo alimtazama kama anayetazama mshono ulioachia.

— Swichi nazima mimi, — alisema. — Wewe lete vifaa.

Benchi zima likahamia chumbani. Mzee Antena alishika tochi na kunyamaza, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Waya ulipotoka ukutani, ncha yake ilikuwa nyeusi. Fundi alichimba mpaka vumbi likamkaa kwenye kope, akaweka boksi refu na soketi nyingine aliyokuwa nayo mfukoni tangu asubuhi, akakaza kila waya na kuuvuta kwa mkono. Umeme ukarudi. Kijitaa kwenye kijisanduku kikawaka, na hakikuzimika.

Baada ya muda bibi alikivaa kifaa. Watu wa benchi walishatoka. Fundi angeweza kwenda zake. Bibi hakuwa amesikia lolote, na hakuna ambaye angemwambia. Badala yake alichuchumaa kando ya kitanda cha bibi.

— Bibi, soketi ile niliifunga vibaya nikijua. Nilikuwa nakimbilia ibada.

— Uliniombea huko?

— Hapana, bibi. Nilijiombea mimi.

Bibi alicheka mpaka kifaa kikapiga mluzi.

— Basi leo niombee na mimi. Nimekusamehe. Nipe mkono uniinue, nikae dirishani.

Nje, birika lilikuwa tupu, kimebaki kikombe kimoja kilichopoa. Fundi Waya alikaa upande wa matofali, akakinywa chote.

— Hata hivyo, — Mlinzi alikuwa ameshaanza tena, kwa sauti ile ile ya mwanzo, — mimi bado nasema kile kifaa kimejaa.

— Kimejaa, mwanangu, — sauti ikajibu kutoka dirishani. — Lakini nafasi yako ipo. Endelea.