Fundi Aliyesema Pampu Haijafa

Ndugu waombolezaji, familia imemkabidhi kitinda mimba wa marehemu kazi ya kusoma historia hii, ingawa wajomba walipendekeza mtu mwenye sauti ya upole zaidi, hivyo mtuvumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa nne kati ya saba, wa baba aliyekuwa mlinzi wa bohari na mama aliyekuwa mkunga. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1973 hadi 1979, sekondari 1980 hadi 1983, na mwaka 1984 akaingia chuo cha ufundi, darasa la mitambo mizito, msichana peke yake kati ya wanafunzi thelathini na mmoja. Siku ya kwanza mkufunzi alimwelekeza kwamba mlango wa ushonaji uko upande wa pili wa jengo, naye akajibu kwamba anaujua, ndiko atakakokwenda kutafuta mume. Na kweli, tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa na fundi cherehani, baba yetu aliyekaa hapa mbele, ambaye kwa miaka yote alimshonea ovaroli zenye mifuko ya ndani na hakuwahi kuona haya kwamba mkewe ndiye anayenuka dizeli. Mungu aliwajalia watoto watatu, mwaka 1991, 1995 na 2001.

Aliajiriwa tarehe 3 Februari 1986 katika karakana ya mradi wa maji, na wenzake wakambatiza jina la Mama Sikio, kwa kuwa aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, akakwambia beringi ipi imekwisha, na hakukosea. Alikuwa na sheria moja, hafungui kitu kabla hajakiosha, na aliyemkuta akiosha alidhani hana haraka, kumbe alikuwa anasoma mtambo kwa vidole.

Sasa tufike mwaka 2016, mwaka ambao wengine wangependa tuuruke. Kijiko cha mradi, kile chenye ndoo mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, kilikwama katikati ya mtaro wa bomba la kwenda hospitali, injini inanguruma, mkono haunyanyuki. Fundi mkuu akatamka kwamba pampu ya haidroliki imekufa, ikaagizwa mpya. Marehemu akaomba kwanza waikague kapilingi, kile kipande cha chuma chenye meno kwa ndani kinachoshika shafti ya pampu na kuupeleka kwake mzunguko wa injini, maana alisikia meno yakigongana. Akajibiwa, "Mama Sikio, kapilingi haifi, inayokufa ni pampu, wewe funga." Tarehe 6 Juni akafunga pampu mpya kwenye kapilingi kuukuu. Tarehe 17 kijiko kikafa tena, na tarehe 20 akapewa barua ya uzembe, ikasomwa mbele ya karakana nzima, akaondolewa kwenye ufundi, akapelekwa kwenye beseni la kuoshea vipuri, miaka thelathini ya kazi ikafutwa kwa aya mbili.

Nyumbani hakulia, alikula, akasema chumvi imezidi, akalala. Lakini hakukubali kuitwa muuaji wa pampu. Ilipokaribia kuagizwa pampu ya tatu, mwendeshaji wa kijiko alikataa kupanda mpaka Mama Sikio akifungue, na tarehe 4 Oktoba, saa tatu asubuhi, akakifungua mbele ya karakana nzima. Alikiosha kwanza, wakaguna. Akaichomoa pampu, ukamwagika unga mwekundu wa chuma juu ya kitambaa cheupe, akaipitisha kapilingi mkono kwa mkono ili kila mtu atie kidole mahali palipotakiwa kuwa na meno, na ndani palikuwa laini kama pete. Kisha akasema neno ambalo hakulazimika kulisema, "Kosa langu ni moja, nilijua, nikaamriwa, nikafunga." Bolti za pampu zilikuwa zimelegea tangu zamani, pampu ikakaa upande na kuyasaga meno yaliyokauka grisi. Akaweka kapilingi mpya, akapima mpaka pampu na injini zikaelekeana, akapaka grisi, akakaza bolti kwa mshazari, akairudisha pampu ileile aliyodaiwa kuiua. Mkono ukanyanyuka. Mtaro ukafika hospitali.

Fundi mkuu alisema, "Una bahati, dada." Barua ikabaki kwenye faili. Marehemu akarudishwa kufungua mitambo, lakini kwa cheo cha mwoshaji vipuri, akatengeneza vijiko kwa cheo hicho hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2021. Binti yake, huyu anayewasomea, alipoingia chuo kikuu aliiandikia ofisi mara nne akitaka barua ile ifutwe, mama akimwambia, "Mwanangu, mdomo huo utakupatia kazi au utakukosesha."

Mwezi Novemba 2023 alianza kusumbuliwa na figo, na tarehe 22 Aprili 2024 akalazwa. Tarehe 9 Mei fundi mkuu, mzee sasa, alikuja wodini na barua ya ofisi inayofuta ile ya kwanza na kumrudishia cheo chake. Alitaka kuiacha mezani. Mama akamwomba aisome kwa sauti, kwa kuwa ile ya kwanza ilisomwa mbele ya watu, naye akaisoma, wagonjwa sita wakisikiliza, na alipomaliza akasema, "Nilikuonea." Mama akajibu, "Ndiyo," kisha akamwuliza mgongo wake unaendeleaje. Alifariki tarehe 17 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane, mumewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kufua bila kuitwa, na wafanyakazi wenzake, hasa mwendeshaji wa kijiko. Nawe mzee uliyesoma ile barua, umekuja, tumekuona, karibu ukae na familia.

Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu wawili. Ndugu wamejadiliana siku mbili maneno ya kuandika kaburini, wengine wakitaka mke mwema, wengine mama mpendwa, na yote ni kweli, lakini baba amekata shauri, limeandikwa neno moja, FUNDI.

Mama, iache mikono yako sasa ipumzike kwa amani.