Kifua cha Mlinzi wa Wodi ya Wazazi

Ndugu, jamaa na majirani, poleni kwa msiba na poleni kwa jua, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi cherehani, ndiye niliyebaki katika tumbo letu, nitasoma polepole maana tangu Jumatano sijaweka ubavu chini. Kikao cha familia kilinishauri sehemu moja niiruke, sitairuka, kwa sababu binti pekee wa marehemu ameketi hapa mbele, na amekuja kumzika baba ambaye hakuzungumza naye siku thelathini na nne.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Agosti 1961, mtoto wa tatu kati ya watano wa mfyatua matofali, akaanza shule ya msingi Januari 1969, akamaliza darasa la saba mwaka 1976 baada ya kurudia darasa la nne, jambo alilolikana maisha yake yote, ingawa mwaka huo mimi mdogo wake nilikaa naye dawati moja na kunakili makosa yake. Alifyatua matofali na baba miaka tisa, na tarehe 3 Februari 1986 akaajiriwa kuwa mlinzi wa mlango wa wodi ya wazazi, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mitano hadi kustaafu, akiwazuia wageni waliofika nje ya muda bila kumtukana hata mmoja, wao wakimtukana yeye kila kukicha.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na mpishi wa shule, ambaye alitutangulia mwaka 2014, na tarehe 2 Septemba 1991 walipata mtoto wa miezi saba, gramu elfu moja na mia tatu, ambaye ndiye binti huyu. Mama alitoka damu nyingi akarudishwa chumba cha upasuaji, mashine mbili za joto zilikwisha kuwa na watoto watatu, mtoto akaviringishwa shuka akalazwa kitandani, na shangazi yetu alipomtazama alimsifu kuwa ni mtoto mpole, hasumbui hata kidogo. Nesi wa zamu alimshika miguu akapandisha sauti, upole gani, mtoto huyu anaganda, mtu mzima akipata baridi hutetemeka, njiti hana mafuta mwilini wala hajui kutetemeka, hunyamaza tu na kumaliza nguvu kidogo aliyonayo. Kipimajoto kilisoma nyuzi thelathini na nne. Nesi akatafuta kifua, kilichokuwa karibu kilikuwa cha mlinzi wa mlango, akaamriwa avue shati la sare, mtoto akakaushwa, akavishwa nepi, kofia na soksi, akafungwa kifuani pake ngozi kwa ngozi, na baada ya saa mbili miguu ikapata moto. Baba na mwana walikaa hivyo siku ishirini na sita.

Tangu hapo, mama yeyote akizidiwa, au akiondoka akamwacha njiti wake, kaka aliitwa kutoka mlangoni, wauguzi wakambatiza jina la Jiko, akabeba watoto arobaini na mmoja kwa hesabu yao, na baadhi yao mmewaona leo wakiinua jeneza, wanaume wenye ndevu. Mimi nilimcheka sana, nilimwita yaya mwenye masharubu, naye alinijibu kuwa kifua changu ni cha kuku, hakipashi hata chai.

Februari mwaka huu wa 2023 alianza kukohoa, akapuuza kama kawaida yake, hadi tarehe 6 Mei alipopimwa akakutwa na kifua kikuu kilichokwisha kula pafu moja, akaanzishiwa dawa na kuambiwa asimkaribie mtoto mchanga mpaka daktari amruhusu. Siku tatu baadaye binti yake, presha ikiwa imepanda, alifanyiwa upasuaji katika wiki ya ishirini na tisa ya ujauzito, akapata mtoto wa kike wa gramu elfu moja na mia moja, mumewe dereva wa lori akiwa safarini. Tarehe 11 Mei alimwita baba yake aje ambebe mjukuu, baba akasimama mlangoni, akatazama sakafu, akamwambia nimezeeka, mama, tafuta mwingine. Binti akamjibu mbele ya wauguzi kwamba wa watu wote umewabeba, wangu ndiye amekushinda, basi usirudi hapa. Iliuma, jamani, mimi nilikuwepo.

Mwanangu, baba yako hakumkataa mwanao. Daktari wako alikuwa ameonya usipewe habari ya kushtua hadi presha ishuke, kaka akanifunga mdomo, akanipeleka nikapimwe, nilipoonekana mzima akaniambia haya, nenda wewe na kifua chako cha kuku. Ulinishukuru kwa kujitolea, lakini sikujitolea, nilitumwa. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajameza vidonge, alinipigia simu, salamu yangu haitaki, anataka joto la mtoto na kama miguu ni ya moto, na siku niliyotaja thelathini na tano na nusu alinifokea kama mtoto mdogo, kofia iko wapi, nepi mbichi hiyo, ondoka dirishani. Presha yako iliposhuka tarehe 10 Juni alipanga Jumapili ya tarehe 18 aje akueleze mwenyewe, ila Jumatano ya tarehe 14, saa tisa alasiri, alikohoa damu nyingi, tukamkimbiza hospitali, akafariki saa kumi na dakika ishirini. Ningefumbua mdomo mapema mngeonana, sikufumbua, kosa hilo ni langu.

Familia inamshukuru daktari wa kliniki ya kifua kikuu, wauguzi wa wodi ya wazazi, walinzi wenzake waliopeana zamu ili waje, majirani waliotuchotea maji na kutupikia siku tatu hizi, na mama mkwe wa binti yetu, ambaye saa hii ndiye amembeba mtoto huko wodini. Leo asubuhi nilimpima kama kawaida, ikafika saa kumi na mbili, simu iko mkononi, haikulia, nikakaa na jibu langu sina wa kumpa. Kaka, ni thelathini na sita nukta saba, na miguu ni ya moto. Pumzika sasa, kwa amani.