Mistari Sita ya Fundi Dzombo Sanga

Marehemu Dzombo Sanga alizaliwa Bamba tarehe 14 Machi 1969, kifungua mimba wa marehemu Mzee Sanga Nzai na Bi. Kahonzi, ambaye leo anamzika mwanawe.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Bamba hadi mwaka 1985, kisha akajifunza ufundi wa bomba mjini Malindi. Mwaka 1991 aliajiriwa kwenye kiwanda cha chumvi, Marereni, kutunza pampu zinazoingiza maji ya bahari kwenye majaruba, vile viwanja vya kuvunia chumvi. Mwaka 1996 alifunga ndoa na Damaris, wakajaliwa watoto wawili: Janet, anayesoma haya, na Sanga.

Mita za dukani za kupimia maji ya pampu zililiwa na chumvi kabla ya mwaka kwisha. Marehemu akajitengenezea yake: bomba la plastiki angavu, jembamba chini, pana juu, na ndani yake kipande cha ndara kilichochomekwa msumari. Maji yakija kwa nguvu kipande hupanda, na mistari ya ubavuni huonyesha ni lita ngapi kwa dakika. Ya kwanza aliichora nyumbani kwa maji ya kisima, akipima kwa saa na mtungi wa lita ishirini. Kufika Marereni, ikasoma maji tele. Siku tatu alimwapia msimamizi kwamba pampu ni nzima, na majaruba yakazidi kukauka. Mkewe akatumbukiza yai kwenye maji ya kisima, likazama; akalitia kwenye sufuria ya maji ya chumvi, likaelea.

"Baba Janet, na hicho kindara chako chaelea tu," akamwambia.

Marehemu alicheka hadi akakaa chini. Tangu hapo kila mita aliichora kwa maji yale yale itakayopima.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Mita ya mwisho aliikusudia bomba la Bamba, ili mamake aone mapema kama maji yanakuja, asishinde foleni akingoja yasiyokuja. Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, Janet alimshikia mtungi wa maji ya Bamba, naye akachora. Ilitakiwa mistari kumi. Alipomaliza wa sita akaegemea ukuta.

"Pumzika, baba. Tutamalizia kesho."

"Haya, mama," akajibu, akaweka kalamu.

Alifariki alfajiri ya Jumanne. Janet hajajisamehe kwa neno lile, "kesho". Si desturi kulitia kwenye wasifu, lakini asipolisema hapa atalisema wapi?

Ameacha mama, Bi. Kahonzi; mjane, Damaris; watoto, Janet na Sanga; na mjukuu mmoja, Dzombo. Mistari minne haijachorwa.

Pumzika kwa amani, baba. Mtungi bado nimeushika.